Theodore Roethke: Mwalimu Aliyeugua, Akarudi Darasani

Muhula uliopita nilirudi chuoni baada ya kuahirisha mwaka mzima. Kwenye fomu niliandika sababu za kiafya, mhuri ukagongwa, basi. Ila chuo chetu kina redio yake isiyohitaji umeme. Kabla sijamaliza kupandisha godoro ghorofa ya tatu, vimbwete vyote vilishajua kwamba kilichonirudisha nyumbani hakikuwa malaria. Jamaa mmoja wa darasa langu la zamani aliniuliza mbele za watu kama ndo natokea Dodoma. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ungefanyaje?

Wiki ya pili mhadhiri wangu mmoja aliniita ofisini. Nilijua ananiita kwa ajili ya kozi nilizobeba, nikaenda na matokeo yangu mkononi. Hakuyaangalia. Alifungua kabati, akatoa kitabu cha mashairi kilichochoka jalada, akaniambia nikisome, kisha nitafute maisha ya aliyekiandika, halafu nirudi tuongee. Nilitoka mle ndani nimekasirika kidogo. Mtu una sapu mbili zinakusubiri, unapewa mshairi wa Kimarekani aliyekufa zamani!

Nimemsoma. Na kwa kuwa jarida hili huwa linatupa nafasi ya kusimuliana tulichosoma nje ya desa, naomba nikusimulie huyu mtu. Anaitwa Theodore Roethke.

Mtoto wa vitalu

Roethke alizaliwa tarehe 25 Mei 1908 katika mji wa Saginaw, jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani. Familia yake ilitokea Ujerumani. Baba yake, Otto, na ami yake, Charles, walikuwa na biashara kubwa ya maua yaliyokuzwa kwenye vitalu nyumba vya vioo. Sisi tunaojua vitalu vya plastiki vya wakulima wa nyanya na hoho, tuchukue picha hiyo, halafu tuongeze kioo, na ukubwa wa ekari nyingi. Nje theluji imelala, ndani kuna joto, unyevu, harufu ya mbolea na mizizi. Mtoto huyu alikulia humo. Aling'oa magugu, akachota moss porini ya kufungia maua, akapanda juu ya paa la vioo ambako hakuruhusiwa kupanda.

Mwaka 1923, akiwa na miaka 14, mambo mawili yalitokea ndani ya miezi michache. Charles alijiua. Otto akafa kwa saratani. Na vitalu vilikuwa vimeshatoka mikononi mwa familia. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mtoto alipoteza baba, ami, na ile dunia ya kijani aliyoijua. Nakuomba ushike hapo, maana karibu kila alichoandika vizuri baadaye kilirudi kuchimba pale pale.

Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1929 kwa ufaulu wa juu. Akajaribu sheria, haikumkaa, akaiacha mapema. Akaenda Harvard kusoma fasihi, lakini ndo ule wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa Marekani, hela ikakata. Hapo wengi wetu tunamwelewa bila kuelezwa. Mwaka 1931 akachukua kazi ya kufundisha Lafayette, chuo kidogo Pennsylvania. Pamoja na madarasa alifundisha pia tenisi. Usimwone mshairi ukafikiri kijana mwembamba mwenye kikohozi. Alikuwa pandikizi la mtu, zaidi ya futi sita, mwenye kilo za kutosha, anayependa kula, kunywa, kucheza dansi, na anayechukia kushindwa.

Mara ya kwanza

Vuli ya 1935 alihamia chuo cha jimbo la Michigan, mjini East Lansing. Hakumaliza hata muhula. Mwezi wa kumi na moja alipatwa na kitu ambacho hakuwa na jina lake: halali, haachi kuongea, anaona kila kitu kimeunganika na kila kitu. Usiku mmoja alitembea porini kwenye baridi kali, na mwisho wa safari ile ulikuwa kitanda cha hospitali. Madaktari walisema ni ugonjwa wa akili ule unaompandisha mtu juu sana kisha kumwangusha chini sana. Alikuwa na miaka 27. Mkataba wake haukuongezwa.

Niliposoma hapo nilikifunika kitabu. Nilikuwa nimekaa kantini, chai imepoa. Ukweli ni kwamba sikuogopa ugonjwa wake, ule naujua. Niliogopa lile jambo la mkataba. Unaumwa, unapona, unarudi, unakuta kiti chako kimebebwa.

Mwaka 1936 chuo kingine cha Pennsylvania kilimchukua, akakaa huko miaka saba. Mwaka 1941 akatoa diwani yake ya kwanza, Open House. Ilimchukua kama miaka kumi kuiandika. Ni mashairi mafupi, yaliyopigwa pasi, vina vimekaa sawa, mapigo yamehesabiwa. W. H. Auden, mshairi Mwingereza aliyekuwa na jina kubwa wakati ule, aliisifu. Ila Roethke mwenyewe alijua kuna mlango hajaufungua.

Aliufungua akiwa Bennington, chuo cha wasichana Vermont, alikofika 1943. Mwishoni mwa 1945 ugonjwa ulirudi, akalazwa. Alipotoka, wakati huu aliachana na ushairi wa kuvaa suti. Akarudi kwenye vitalu vya baba yake. Akaandika kuhusu vipandikizi vilivyokatwa vinavyojaribu kutoa mizizi, kuhusu stoo ya chini yenye viazi na vikonyo vinavyotambaa gizani, na kuhusu maua ya okidi. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1948 katika The Lost Son and Other Poems. Humo ndani limo pia lile shairi la baba anayenuka pombe akimchezesha dansi mwanawe jikoni huku mama amekunja uso. Wasomaji wanabishana mpaka leo: yule mtoto anafurahi au anaogopa? Mimi nikalisoma mara nne. Nadhani vyote viwili.

Hapa kuna kosa moja nataka nilikwepe, maana na mimi nilikuwa nalo. Watu wanapenda kusema ugonjwa ndo ulimpa ushairi. Sikubali. Mtu aliyepandishwa na ugonjwa ule anaandika kurasa mia kwa usiku mmoja na asubuhi hazisomeki. Kilichompa Roethke ushairi ni madaftari. Alipokufa aliacha zaidi ya 200, yamejaa mistari, vipande, maneno, mawazo ya kufundishia, na sehemu ndogo tu ya hayo ndo iliyowahi kuchapishwa. Anaandika, anafuta, anarudi miaka mitano baadaye, anachukua neno moja. Huo ni msuli, ndugu zangu. Ugonjwa ulikuwa unamkatisha kazi. Haukuwa unamfanyia.

Darasani Seattle

Mwaka 1947 alikwenda Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, pembe ya mwisho ya Marekani upande wa Pasifiki. Alidumu hapo mpaka kifo, miaka 16.

Hapa nikae kidogo, maana sisi ni watu wa madarasani. Tumezoea mhadhiri anaingia, anafungua slaidi za mwaka juzi, anasoma, anatoka. Roethke alikuwa anaingia darasani kama bondia. Alisoma mashairi kwa sauti kubwa, akizunguka, akitokwa jasho. Aliwataka wanafunzi wakariri mashairi ya wengine kwa kichwa, kwa sababu aliamini sikio hujifunza kabla ya akili. Aliwataka waige kwanza mabingwa wa zamani, mapigo kwa mapigo, kabla ya kudai wana sauti yao wenyewe. Kuna kisa ambacho hadi leo kinasimuliwa juu yake: siku moja, kuwafundisha namna ya kueleza kitendo, alitoka nje kupitia dirishani, akatembea kwenye kidari chembamba cha jengo huku akiwakunjia uso wanafunzi kupitia kila kioo, akawaachia kazi ya kuandika walichokiona.

Halafu kuna ule mtihani wake. Richard Hugo, mmoja wa wanafunzi wake, aliuhifadhi na kuuandika baadaye. Mwalimu anaweka ubaoni nomino kadhaa, vitenzi kadhaa, vivumishi kadhaa. Unachagua vitano kutoka kila kundi. Unatunga shairi la beti tatu, kila ubeti mistari sita, kila mstari mapigo manne. Kuna masharti ya vina, kuna masharti ya mahali pa kuweka nukta, sarufi iwe safi. Na sharti la mwisho: shairi lisiwe na maana yoyote!

Mtu wa mwaka wa kwanza atasema huu ni uchawi. Lakini iangalie vizuri. Unapohangaika na vina na mapigo, akili yako inayojifanya kujua inashughulishwa huko, na lile jambo la kweli ulilokuwa unaliogopa linapita mlango wa nyuma. Unamaliza, unasoma ulichoandika, unajikuta mwenyewe humo. Tuliosoma tungo za arudhi kidato cha tatu tulifundishwa kuhesabu mizani kama wahasibu. Hakuna aliyetuambia kwamba kuhesabu kunaweza kumfanya mtu aache kuogopa.

Na waliotoka darasani mwake ni akina nani? Hugo huyo alikuwa askari wa ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, kisha akafanya kazi kiwanda cha ndege cha Boeing zaidi ya miaka kumi, akitunga jioni. Mwaka 1964 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Montana, na kitabu chake juu ya kufundisha utunzi, The Triggering Town, bado kinasomwa. James Wright alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha vioo huko Ohio. Alikuja kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1972. Carolyn Kizer aliipata 1985. David Wagoner alimfuata mwalimu wake kutoka Pennsylvania mpaka Seattle, naye akafundisha hapo kwa miongo mingi. Ndo yeye aliyechambua yale madaftari na kutoa kitabu. Tess Gallagher alikuwa binti mdogo kwenye darasa lake la mwisho. Hawa hawaandiki kwa kufanana. Ukimsoma Hugo na Kizer huwezi kudhani walikaa dawati moja. Kwangu mimi hiyo ndo sifa kubwa ya mwalimu, kutotoa fotokopi zake.

Kuna mwanafunzi wake mmoja aliyekufa kwa kuanguka kutoka kwenye farasi. Roethke alimtungia shairi la maombolezo ambalo linafundishwa hadi leo. Mwalimu anamkumbuka binti yule, shingo yake, tabasamu lake, kisha anasimama kando ya kaburi akijiuliza kama mwalimu ana haki ya kulia kiasi hicho.

Mkuu wa idara

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwishoni mwa 1949 ugonjwa ulirudi. Na ulirudi tena na tena katika miaka ya hamsini. Mara nyingine ilianza darasani kabisa, wanafunzi wakiona mwalimu wao anapanda, sauti inapanda, maneno hayakamatiki. Akapelekwa hospitali, akapewa tiba za wakati ule, ikiwemo ya mshtuko wa umeme. Kila mara alilala hospitalini akiwaza Michigan na ule mkataba wa 1935. Aliogopa kufukuzwa kuliko alivyoogopa ugonjwa.

Hakufukuzwa. Mkuu wa idara ya Kiingereza alikuwa Robert Heilman, profesa wa Shakespeare, mtu wa utaratibu, asiyefanana naye hata kidogo. Roethke akiugua, Heilman alipanga likizo, akagawa madarasa yake kwa wenzake, akasubiri. Roethke akipona, alikuta ratiba yake ipo. Mwaka 1959 wakubwa wa chuo walitaka maelezo kuhusu hizo likizo: mtu huyu analipwa pesa ya umma, mbona hayupo kila mara? Heilman akaandika barua ndefu. Hakuficha kitu. Alisema huyu mtu ana ugonjwa wa akili, unakuja na kuondoka, ukija hawezi kufundisha. Kisha akaeleza anachofanya akiwa mzima: jinsi anavyofundisha, wanafunzi aliowatoa, jina alilokijengea chuo. Hoja yake ilikuwa kwamba ukipiga hesabu kwa haki, chuo ndicho kinachodaiwa na Roethke.

Barua ilifanya kazi. Na mwaka huo huo diwani yake Words for the Wind ilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu. Tayari alikuwa na Pulitzer ya 1954 kwa diwani ya The Waking.

Sitaki kumpamba. Alikuwa mtu wa kujisifu, mwenye wivu kwa washairi wenzake, na chupa hakuiacha. Mwaka 1953 alimuoa Beatrice O'Connell, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake Bennington, na hakumwambia kabla ya ndoa kwamba ana ugonjwa huo. Binti wa watu akaujua akiwa tayari mke. Hilo ni kosa, na nalisema kama mtu ambaye naye amewahi kuficha. Lakini Beatrice alibaki. Na ni yeye aliyesimamia diwani ya mwisho, The Far Field, iliyotoka 1964 baada ya mwenyewe kuondoka, ikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka uliofuata.

Alikufa tarehe 1 Agosti 1963, akiwa na miaka 55. Alikuwa kwa marafiki kwenye kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya maji kutoka Seattle. Alikuwa kwenye bwawa la kuogelea, moyo ukasimama. Bwawa lile lilikuja kufukiwa, na mahali pake leo pana bustani ya mchanga na mawe. Yeye alirudishwa Saginaw, akazikwa mji ule ule wa vitalu.

Tufanye nini na kiti cha mtu?

Nilirudi ofisini kwa mhadhiri na kitabu chake. Aliniuliza nimeona nini. Nilisema nimeona Roethke mmoja na vyuo viwili. Cha kwanza kilimuona mgonjwa, kikafunga faili. Cha pili kilimuona mgonjwa yule yule, kikamwekea ratiba. Katika hao wawili, ni kimoja tu kilichowapata Hugo, Wright na Kizer. Mhadhiri hakusema kitu. Aliniambia kitabu nikae nacho.

Ndugu msomaji, mimi si Roethke. Sapu moja nimeipita, nyingine nimeibeba. Ila najua hapa chuoni tunazo namna nyingi za kubeba kiti cha mtu. Unamtoa kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwa sababu ameahirisha. Unampa mwingine kitanda chake bila kumuuliza. Unamuuliza kuhusu Dodoma mbele za watu. Na tunazo namna za kukishika kiti hicho, ni rahisi kushinda tunavyodhani: kumtumia desa akiwa nyumbani, kumwambia tarehe ya kusajili kozi, kumwachia nafasi kwenye kimbwete na kuendelea na stori palepale zilipoishia.

Wiki tatu zilizopita, saa tano usiku, yule jamaa wa Dodoma aligonga mlango wangu. Alisimama mlangoni, akauliza habari za mechi, akauliza chaja. Chaja alikuwa nayo mkononi. Mwisho akauliza, kama mtu anayemuulizia rafiki yake, ile fomu ya kuahirisha inachukuliwa ofisi gani, na kama wakiisoma wanacheka.

Nilimwambia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na kwamba hawacheki. Kesho yake asubuhi tulikwenda wote. Kwenye kipindi cha saa nne niliweka begi langu juu ya kiti chake, na nitaendelea kuliweka.